Hawaii haijafunga mlango, inataka hodi

Tangu tarehe 1 Januari 2026, mgeni anayelala hotelini Hawaii analipa zaidi kidogo kuliko zamani. Kodi ya malazi ya jimbo imepanda kutoka asilimia 10.25 hadi 11, kwa sheria aliyoitia saini Gavana Josh Green Mei 2025, na nyongeza hiyo imekwishapata jina: ada ya kijani. Serikali inatarajia kuvuna takriban dola milioni 100 kwa mwaka kwa ajili ya fukwe, misitu na maeneo yanayokanyagwa na watalii. Wenye meli za kitalii wamekwenda mahakamani kupinga kipengele kinachowagusa wao. Ada hii haikuja peke yake. Katika kisiwa cha Kauaʻi, hifadhi ya Hāʻena inapokea wageni 900 tu kwa siku, na lazima waagize nafasi mapema. Kwenye Kisiwa Kikubwa, kile chenye jina lenyewe la Hawaii, barabara ya mteremko mkali inayoshuka bonde la Waipiʻo, bonde la wafalme wa kale, imefungwa kwa watalii wanaojiendea wenyewe tangu Februari 2022. Bonde la ʻĪao huko Maui, ambako jeshi la Kamehameha, chifu aliyekuja kuviunganisha visiwa vyote, lilipigana vita vya kutisha mwaka 1790 na ambako machifu walizikwa tangu zamani, nalo limeanza kuagizwa nafasi tangu 2023. Watu wakiyajumlisha hayo, mtandaoni hutoka hukumu mbili. Ya kwanza: Wahawaii wamechoka na wageni, wanafunga nchi. Ya pili, ya wajuaji zaidi: wamegeuza mawe ya babu zao kuwa kibanda cha kukatia tiketi.

Zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja. Zinadhani suala ni kufungua au kufunga, kana kwamba mahali patakatifu ni duka. Sisi tuliokulia ndani ya lugha yenye hodi tunapaswa kuwa wa kwanza kuliona kosa hilo. Kwetu mlango ulio wazi si ruhusa ya kuingia. Mtu husimama nje, hupiga hodi, husubiri karibu, na asipoitikiwa mara ya tatu hugeuza njia bila kuona kuwa ametukanwa. Wahawaii wanalo jambo hilohilo, ila wao wameliwekea ushairi. Mgeni anayefika kwenye ardhi ya wenyewe hughani oli kāhea, utenzi mfupi wa kujitambulisha na kuomba kuingia, naye mwenyeji hujibu kwa oli komo, yaani karibu. Hoja yangu ni kwamba kinachoonekana leo kama kufungwa kwa milango ni jaribio, bado la kigugumizi na lenye makosa mengi, la kumrudisha mtu wa kuitikia hodi. Pale mtu huyo alipopatikana, vikwazo vina maana. Pale asipokuwapo, tiketi inabaki tiketi, hata ikipakwa rangi ya kijani.

Tuanze na maeneo yenyewe, maana wengi wanaoyajadili wanafikiria magofu tu. Wahawaii hutumia neno wahi pana kwa mahali penye simulizi: ghuba, jabali, chemchemi, njia ya vita. Heiau ni hekalu, kwa kawaida jukwaa au ua wa mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa. Yako madogo ya wavuvi na wakulima, na yako ya dola, yaliyojengwa na machifu kwa mungu wa vita, ambako damu ya binadamu ilimwagwa. Juu ya vyote ilikuwapo kapu. Neno hili halihusiani na kapu letu la sokoni. Maana yake ni mwiko, na ni ndugu wa tapu la Watonga, ambalo Waingereza walilichukua likaenea duniani. (Tabu yetu ya taabu na dhiki ni ya Kiarabu, ingawa mtu aliyevunja kapu aliipata tabu hiyo pia.) Kapu ilipanga nani ale na nani, nani akanyage wapi, kivuli cha nani kisimwangukie nani. Adhabu ya kawaida ilikuwa kifo.

Hapo ndipo Hōnaunau inapovutia, kwa sababu inavuruga picha zote mbili tulizozizoea. Kwenye pwani ya magharibi ya Kisiwa Kikubwa upo ukuta wa mawe ya volkano mrefu kwa mamia ya mita, kimo chake kinamzidi mtu mbali na unene wake ni kama mita 5. Nyuma ya ukuta huo palikuwa puʻuhonua, mahali pa kukimbilia. Aliyevunja mwiko, askari aliyeshindwa vitani, mtu aliyekuwa akiwindwa, akifika pale hai kuhani alimtakasa na hakuna aliyeweza kumgusa tena. Ila upande wa pili wa ukuta palikuwa makazi ya machifu, ardhi ambayo mtu wa kawaida hakuweza kuikatiza, na masimulizi yanasema wakimbizi waliingia kwa kuogelea ghuba. Nguvu ya mahali hapo ilitoka katika Hale o Keawe, nyumba iliyohifadhi mifupa ya machifu 23. Kwa hiyo mahali palepale palikuwa pamefungwa kabisa kwa anayepita tu na pamefunguliwa kabisa kwa mwenye haja. Anayesema "mahali patakatifu ni pa watu wote" hajaielewa Hōnaunau. Anayesema "zamani mgeni hakuingia" hajaielewa vilevile. Swali la kale halikuwa idadi ya watu. Lilikuwa: wewe ni nani, na umekuja kwa nini?

Safari fupi kaskazini yake, juu ya bandari ya Kawaihae, liko Puʻukoholā. Kuhani Kapoukahi alimtabiria Kamehameha kwamba akimjengea mungu wake Kūkāʻilimoku hekalu kwenye kilima kile, visiwa vyote vitakuwa vyake. Kazi ilifanyika mwaka 1790 na 1791. Inasimuliwa kwamba mawe yalitoka mbali, bonde la Pololū, yakipitishwa mkono kwa mkono na maelfu ya watu waliosimama mstari mmoja kuvuka milima. Hekalu lilipokamilika, Kamehameha akamwalika binamu na hasimu wake, Keōua, naye akafika kwa mtumbwi na kuuawa pale ufukweni. Mwili wake ukawa sadaka ya kuzindulia. Leo eneo hilo liko chini ya idara ya hifadhi za taifa ya Marekani, na mgeni huliangalia kutoka chini na pembeni; haruhusiwi kupanda jukwaani. Watalii wengi hulalamika kwamba hawakuona kitu. Lakini mwaka 1991, miaka 200 baada ya mauaji, wazao wa Kamehameha na wazao wa Keōua walikutana pale kupatana, na tangu hapo sherehe hufanyika kila Agosti, watu wakiwa wamevaa mavazi ya kale, wakileta hoʻokupu, matoleo yao. Hao hupita pale ambapo mtalii hapiti. Kwa anayetazama kwa jicho la tiketi huo ni ubaguzi. Nadhani hata mtoto wa darasa la pili anajua kwamba kaburi la babu wa jirani si lake kulipanda, hata likiwa zuri kiasi gani kwa picha.

Swali gumu ni kwa nini basi mambo hayo, yaliyo wazi hivyo, yanahitaji sheria, vizuizi na mfumo wa kuagiza nafasi. Jibu ni kwamba mwenyeji aliondolewa mlangoni kwa awamu. Mwaka 1819, miezi michache baada ya Kamehameha kufa, mwanawe Liholiho aliketi kula pamoja na wanawake, Kaʻahumanu na Keōpūolani, wajane wa Kamehameha, wakiwa nyuma ya jambo hilo, na kwa mlo huo mmoja kapu ikavunjika na ukuhani wa dola ukaanguka. Wamisionari walifika mwaka uliofuata wakakuta mahekalu yamekwishachomwa. Mwaka 1848 mgawanyo wa ardhi ulioitwa Māhele ukaigeuza ardhi kuwa mali ya kuuzwa na kununuliwa, na wananchi wa kawaida wakaambulia chini ya asilimia moja. Januari 1893 wafanyabiashara wenye asili ya Marekani, wakisaidiwa na askari wa meli ya kivita ya Marekani, walimpindua Malkia Liliʻuokalani. Mwaka 1898 visiwa vikatwaliwa, na ardhi ya ufalme ikaenda kwa serikali ya Marekani. Bunge la Marekani liliomba radhi rasmi kwa mapinduzi hayo mwaka 1993, bila kurudisha ardhi. Matokeo yake, heiau moja ikajikuta ndani ya shamba la miwa, nyingine ndani ya uwanja wa hoteli, nyingine ndani ya eneo la jeshi. Kisiwa kizima cha Kahoʻolawe, chenye mahekalu na mahali pa mafunzo ya mabaharia wa kale, kilikuwa shabaha ya mabomu ya jeshi la majini kuanzia 1941 hadi 1990.

Lahaina ni mfano unaouma zaidi. Dunia iliujua mji huo kwa moto wa Agosti 2023 ulioua watu zaidi ya 100. Kabla ya moto, watalii waliujua kwa maduka na mti wake mkubwa wa mbanyani uliopandwa mwaka 1873. Wachache walijua kwamba ulikuwa makao makuu ya ufalme, na kwamba katikati yake palikuwa na bwawa la Mokuhinia lenye kisiwa kidogo, Mokuʻula, ambako wafalme waliishi na wafu wao watukufu walilazwa. Maji ya bwawa yalipopotea, yakielekezwa kwenye mashamba ya miwa, lililobaki likawa kinamasi. Mwaka 1914 likafukiwa, na juu yake ukawekwa uwanja wa besiboli. Hakuna aliyeufunga Mokuʻula kwa mtalii. Ulikuwa wazi kuliko mahali popote, wazi kiasi kwamba mtu aliweza kuvuka ikulu ya wafalme akitafuta pa kuegesha gari.

Na usidhani ni mambo ya karne iliyopita tu. Katika msitu wa Nuʻuanu, juu ya jiji la Honolulu, yako magofu ya Kaniakapūpū, nyumba ya mapumziko ya Kamehameha III. Inasemekana karamu ya mwaka 1847 iliwaalika pale watu wapatao 10,000. Eneo hilo limefungwa kisheria, lakini ramani za simu na picha za mitandaoni hazijui sheria. Watu waliingia kimyakimya, na mwaka 2016 kuta zikakutwa zimechongwa misalaba. Mahali palipoweza kupokea wageni 10,000 walioalikwa hapakuweza kustahimili wachache waliojialika.

Sasa hoja za wapinzani. Dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa sana: dini ile iliuliwa na Wahawaii wenyewe mwaka 1819, kwa hiyo mawe hayo si matakatifu kwa mtu yeyote, ni urithi wa dunia, na mwiko wa leo ni maigizo ya kisiasa. Nikiri kwamba hoja hii ina ukweli ambao watetezi wa heiau mara nyingi huuruka. Hakuna mzungu aliyewalazimisha kula mlo ule. Hewahewa, kuhani mkuu mwenyewe, alikuwa mstari wa mbele katika kuangusha madhabahu. Mwaka 1829 Kaʻahumanu, aliyekwisha batizwa, aliamuru mifupa ya Hale o Keawe iondolewe.

Lakini itazame mifupa hiyo ilikwenda wapi. Haikutupwa baharini, ilifichwa kwenye mapango ya Kealakekua, na baadaye machifu wengi wakakusanywa Mauna ʻAla, makaburi ya kifalme ya Honolulu, ambako ulinzi kwa sehemu kubwa umekuwa wa ukoo wa Hoʻolulu, mmoja wa machifu walioificha mifupa ya Kamehameha mwenyewe. Mifupa ya Kamehameha haijulikani ilipo hadi leo. Wazee husema ni nyota tu zinazojua. Watu waliokuwa wameachana kabisa na utakatifu wasingejisumbua hivyo. Kilichokufa mwaka 1819 ni ukuhani wa dola, na hata huo haukufa bila damu: Kekuaokalani, mpwa wa Kamehameha aliyekabidhiwa mungu wa vita, alikataa, akapigana, akafa Kuamoʻo mwaka huohuo. Kilichobaki ni heshima ya ukoo kwa mifupa, kwa mahali, kwa mizimu ya nyumbani. Ndiyo maana zaidi ya karne moja na nusu baadaye, makaburi zaidi ya elfu moja yalipofukuliwa Honokahua, Maui, kupisha hoteli, watu walikesha wakipinga hadi hoteli ikasogezwa mbali na ufukwe na mabaraza ya kulinda mifupa yakaundwa kisheria. Ndiyo maana Julai 2019 wazee zaidi ya 30 walikubali kukamatwa wakiwa wameketi barabarani, kuzuia darubini kubwa isijengwe karibu na kilele cha mlima wa Mauna Kea. Mtu anaweza kuwa upande wa wanasayansi katika shauri hilo. Hawezi kusema kwamba bibi wa miaka 80 anayepandishwa gari la polisi anaigiza.

Kuna hoja mbili nzito zaidi. Ya kwanza ni ya tumbo. Mwaka 2019 Hawaii ilipokea wageni milioni 10.4, wakati wakazi wake ni kama milioni 1.4. Uchumi wa namna hiyo haugeuzwi kwa hotuba, na wanaofua mashuka ya hoteli ni pamoja na wajukuu wa waliojenga heiau. Baada ya moto wa Lahaina, maelfu ya wakazi walisaini ombi la kuchelewesha watalii kurudi Maui Magharibi. Wengine, wenye kodi ya nyumba ya kulipa, waliomba watalii warudi kesho yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema. Wote wawili walikuwa wakisoma methali hiyohiyo, mmoja akianzia mwanzo, mwingine akianzia mwisho. Naikubali hoja hii nusu. Inathibitisha kwamba Hawaii inahitaji wageni, lakini haithibitishi kwamba inawahitaji juu ya kaburi. Hoteli za Waikīkī hazitapoteza kitanda hata kimoja kwa sababu barabara ya bonde la Waipiʻo imewekewa kizuizi.

Hoja ya pili inanisumbua zaidi. Inasema mtu hulinda anachokijua, na hukijua kwa kukiona. Ukiwazuia watu wasifike, utabaki na hadithi za kuokota, na Hawaii imejaa hadithi hizo. Chukua laana ya Pele. Kila mwaka hifadhi ya volkano hupokea kwa posta vifurushi vya mawe kutoka kwa watalii waliopata ajali, talaka au hasara, wakiambatanisha barua za kumwomba radhi mungu wa moto. Laana hiyo haimo katika mila za Wahawaii. Imetungwa karne ya 20, kwa ajili ya wageni. Wahudumu wa hifadhi wanabaki na marundo ya mawe ambayo hayawezi kurudishwa yalipotoka. Ni hivyohivyo kwa wanaofunga jiwe kwenye jani la tī na kuliacha juu ya ukuta wa heiau wakidhani wametoa sadaka, au wanaopanga vijiwe kimoja juu ya kingine: wana nia njema, wanaharibu, na wanaacha mfano kwa ajaye nyuma. Kwa hiyo kweli, ujinga ni adui. Ila ona jinsi ujinga huo ulivyozalishwa. Mlango ulikuwa wazi kwa miaka mia, mamilioni wakapita, na walichojifunza ni laana ya kubuni, maana hapakuwa na mtu wa kuwaeleza kingine.

Upande wa pili wapo wanaotaka kila kitu kifungwe, mgeni asionekane kabisa. Nawaelewa, lakini historia yao wenyewe haiwaungi mkono. Huko Kohala kaskazini liko Moʻokini, heiau ambayo mapokeo yanasema iliasisiwa mwaka 480, ikiwa chini ya ukoo mmoja wa makuhani kizazi hadi kizazi. Kwa karne nyingi ilikuwa mwiko mkali. Mwaka 1978 kuhani wake mkuu, Leimomi Moʻokini Lum, aliiondoa kapu hiyo na kuikabidhi heiau kwa watoto, ili waingie salama na kujifunza. Hakuulizwa na serikali, wala hakushinikizwa na hoteli. Alikuwa na haki ya kufunga, ndiyo maana kufungua kwake kulikuwa na uzito.

Mfano ninaouona bora ni Hāʻena, na ulianza kwa maafa. Aprili 2018 mvua ya milimita 1,262 ilinyesha ndani ya saa 24 huko Waipā, jirani na Hanalei. Ni rekodi ya Marekani nzima. Barabara ikakatika, na pwani ya kaskazini ya Kauaʻi ikabaki bila watalii kwa zaidi ya mwaka. Kabla ya hapo Hāʻena ilikuwa ikipokea takriban watu 2,000 kwa siku, magari yakipangwa kila upenyo hadi gari la wagonjwa lisiweze kupita, na katika msongamano huo wengi hawakujua kwamba kwenye mwamba juu ya ufukwe wa Kēʻē pako Ke Ahu a Laka, jukwaa la kale ambako wanafunzi wa hula, ngoma ya jadi ya Wahawaii, walihitimu. Wenyeji walionja kimya, wakaamua hawarudi kule. Hifadhi ilipofunguliwa Juni 2019, kikomo kikawa 900. Mgeni asiye mkazi wa jimbo hulipa dola 5 na kuagiza nafasi ndani ya siku 30. Mkazi huonyesha kitambulisho akapita. Lakini namba si kiini. Kiini ni kwamba maegesho yaliwekwa mikononi mwa chama cha familia zenye asili ya pale, Hui Makaʻāinana o Makana, watu walewale ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakifufua majaruba ya magimbi yaliyo mlangoni mwa hifadhi. Anayekupokea ni mtu ambaye nyanya yake alilima pale. Hodi yako ina mwitikiaji.

Na huko Heʻeia, Oʻahu, kwenye bwawa la kale la kufugia samaki lenye ukuta wa mawe wa zaidi ya kilomita 2, wamekwenda mbele zaidi: wanaokuja Jumamosi hupewa kazi ya kubeba mawe na kung'oa mikoko, ambayo kwao ni mti vamizi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa hawasubiri hiyo ya tatu. Nimeona watu wakidhihaki kwamba ni kuwatumikisha watalii bure. Sijui ziara nyingine ambayo mtu hurudi akijua ukuta ule unafanyaje kazi, maji yanaingia wapi, samaki mdogo anapita wapi na mkubwa anazuiwa wapi.

Pwani yetu tunao mfano unaofanana. Kaya Kinondo huko Kwale, Kenya, ni moja ya misitu ya Mijikenda. Kaya kadhaa za Mijikenda ziliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, na Kinondo hupokea wageni kwa masharti ya wazee. Mimi mwenyewe nimewahi kufungwa kaniki kiunoni pale kabla ya kuruhusiwa kupiga hatua. Dakika mbili za kwanza nilijiona kichekesho. Baadaye nikagundua kwamba tangu nivae ile nguo nilikuwa nikizungumza kwa sauti ya chini.

Hapa ndipo ninapoachana na wanaoshangilia ada ya kijani kana kwamba imemaliza kazi. Dola milioni 100 zitafaa. Heiau nyingi zinabomolewa na mizizi, mbuzi na mawimbi kuliko na viatu vya watalii. Lakini kodi ni makubaliano kati ya mgeni na hazina ya jimbo. Anayelipa asilimia 11 hotelini anaweza kuamka asubuhi akiamini kwamba amekwishalipia kila jiwe, na hiyo ni hatari mpya. Kipimo nitakachotumia si ukubwa wa mfuko, ni nani anakaa mezani unapogawanywa. Mauna Kea tangu 2022 ina mamlaka mpya, na sheria imetenga viti vya bodi kwa mtendaji wa mila na kwa mzao wa waliozitenda mlimani. Viti viwili kati ya kumi na moja si vingi. Kabla ya hapo ardhi ya kileleni ilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Hawaii. Ikiwa fedha za ada mpya zitapita kwa vyama kama kile cha Hāʻena, zikalipa mishahara ya walinzi wenye majina na nasaba, basi jimbo litakuwa limenunua kitu cha maana. Zikiishia kwenye vizuizi, kamera na programu ya simu, waliosema ni kibanda cha tiketi watakuwa wamekosea leo na kupatia kesho.

Na hata Hāʻena ina shimo ambalo sijaona wa kuliziba. Sensa ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba wengi wa Wahawaii asilia, zaidi ya nusu, sasa wanaishi nje ya Hawaii, kwa sehemu kubwa kwa sababu hawaimudu tena bei ya nyumba kwao. Las Vegas imejaa hadi inaitwa kisiwa cha tisa. Kigezo getini ni ukazi wa jimbo, si nasaba. Mtu aliyehamia Honolulu kutoka California na kupata leseni ya udereva ya Hawaii anapita bure. Mjukuu wa Hāʻena aliyezaliwa Las Vegas, akirudi kuona mahali bibi yake alipocheza hula, anafungua tovuti siku 30 kabla, anatafuta nafasi kati ya zile 900, na kuingiza namba ya kadi yake ya benki.